Pua ya Injini na Nafasi Moja

Tegeni masikio, ila makofi yaacheni mfukoni. Kisa hiki hakina shangwe.

Karakana moja ya reli ilibakiwa na mafundi watatu. Nyamizi alikuwa na sikio: akigonga bamba la chuma kwa nyundo ndogo, alijua palipoliwa na kutu kwa ndani. Kasanda alikuwa na mikono: chuma kilichokunjamana kilimnyookea kama shuka. Mzee Luhende alikuwa na kumbukumbu: ndiye pekee aliyeiona ile injini kongwe ya dizeli ikiwa mpya, kabla lori halijaibonyeza pua kwenye makutano ya barabara.

Kazi yao ilikuwa kuinyoosha pua hiyo. Meneja, kwa ubahili wa kutotaka kulipa zaidi ya fundi mmoja kwa siku, aliwapangia siku tofauti. Ufunguo ulikuwa mmoja, chini ya tofali. Miezi minane hawakuonana.

Jumatatu Nyamizi aligonga pua yote, shibiri kwa shibiri, akichora msalaba wa chaki palipolia vibaya. Bila misalaba ile, viraka vingechomelewa juu ya kutu, vikabanduka. Mchana alikula peke yake, ameegemea gurudumu.

Jumatano Kasanda alikata penye misalaba, akachomelea viraka, akanyoosha. Sasa, kunyoosha ni kazi ya watu wawili: mmoja agonge, mwenzake akinge kwa upande wa pili. Mwenzake yuko wapi? Alikinga kwa goti. Mpaka leo anachechemea.

Ijumaa Mzee Luhende alifumba macho, akaipapasa pua, akaandika kwa chaki: "Mwanangu, hapa palikuwa na mbinuko. Rudia."

Jumatano iliyofuata Kasanda akaguna na ukuta: "Mzee huyu! Si aje agonge mwenyewe!" Akarudia. Mara tatu.

Pua ikarudi ilivyokuwa. Injini ikatakiwa na makumbusho ya mji wa mbali, pamoja na mtunzaji mmoja wa kwenda kuishi nayo. Karakana nayo ikawa inafungwa. Siku hiyo ndipo walipokutana.

"Kumbe ndiwe mwenye misalaba?" Kasanda alimwambia Nyamizi. "Nilidhani mwanamume."

"Nami nilidhani fundi mzuri hachechemei."

"Goti hili ndilo lililokuwa mwenzangu, dada."

Wakacheka. Kicheko kikaisha upesi.

"Nimezoea kusema na chuma," Nyamizi akasema. "Watu wamenishinda."

"Kwa goti hili, nani ataniajiri?" akauliza Kasanda.

Mzee Luhende akaipapasa pua ya injini. "Wanangu, nyumbani kwangu hakuna anayeniita kwa jina. Injini hii ndiyo iliyobaki ya kunijua."

"Mmoja tu!" Meneja akapaza sauti. "Amueni kabla sijafunga geti."

Msiniambie "wote watatu". Hilo ni jibu la waoga. Msiniambie "mkubwa kwanza" pia. Umri si hoja. Bila sikio, pua ingeoza tena. Bila goti, ingebaki imebonyea. Bila kumbukumbu, ingekuwa pua ya injini nyingine.

Wameketi relini, bega kwa bega kwa mara ya kwanza, na mmoja lazima ainuke aende na injini, awaache wenziwe. Je, wewe ungemwinua nani?