Ngome ya Risasi Kuukuu

Watu wengi wakiona chombo kinaelea majini hawamkumbuki fundi aliyekichonga hadi viganja vikaota sugu. Humkumbuka jirani aliyekipata, wakanuna. Methali ya leo ilitungwa kwa ajili ya watu wa namna hiyo, na mmoja wao alikuwa mtafiti ambaye wenzake walimwita Desimali, kwa sababu hata akiulizwa umri wake aliutaja pamoja na nukta.

Desimali alifanya kazi katika maabara iliyopima jinsi nyota zinavyopika elementi. Ndani ya nyota, kiini cha heliamu hukigonga kiini cha kaboni, vikaungana, ikazaliwa oksijeni na mwale wa gama ukachomoka. Maabarani, mashine ndefu ilirusha heliamu kwenye kipande chembamba cha kaboni ili jambo hilohilo litokee mbele ya watu. Tatizo ni kwamba lilitokea kwa nadra, kama mvivu kuamka mapema, na mwale wake ulikuwa mnong'ono sokoni, maana kuta, vumbi na hata miili ya watafiti hutoa miale yake. Kwa hiyo kila kigunduzi, yaani chombo cha kunasa miale, kilizungushiwa ngome ya matofali ya risasi, ile metali nzito inayozuia miale, ili kelele za nje zisiingie.

Chumba kimoja cha kupimia kilikuwa cha Desimali, na cha pili kilikuwa cha wifi yake, mke wa kaka yake. Desimali mwenyewe ndiye aliyemleta maabarani, na siku ya harusi alipiga vigelegele hadi sauti ikakauka. Lakini hayo yalikuwa kabla ya picha za vipimo vya wifi kuanza kutoka safi. Kwenye skrini ya wifi, mwale wa oksijeni ulisimama peke yake kama mnara uwandani. Kwenye skrini ya Desimali ulizama ndani ya kelele kama sindano kwenye nyasi. Mkurugenzi alimsifu wifi vikaoni, na mama mzazi wa Desimali akamsifu mezani.

"Mkwe wangu anazisikia nyota zikinong'ona," mama alisema, akimwongezea mchuzi. "Na wewe mwanangu, unasikia nini?"

"Nakusikia wewe, mama," Desimali alijibu. Wote wakacheka isipokuwa yeye. Wivu ulikuwa umemkaa kooni kama mwiba wa samaki, hautemeki wala haumezeki.

Mambo yalichacha mkurugenzi alipotangaza kwamba mashine ingefungwa kwa matengenezo marefu, na kwamba juma la mwisho la kuitumia angepewa mwenye chumba kitulivu zaidi. Bila juma hilo, kipimo alichokihangaikia Desimali tangu aajiriwe kingebaki nusu. Na atakayekimalizia alimjua.

"Ana kigunduzi cha bahati," alimlalamikia mkurugenzi. "Mimi mlinipa mabaki."

"Vyote viwili vilitoka kiwanda kimoja."

"Hata mapacha hutoka tumbo moja, mmoja akawa mwizi."

Mkurugenzi alicheka, akaruhusu wabadilishane vigunduzi kabla ya kipimo cha kuamua. Desimali alikwenda kwa wifi yake akiwa amejiandaa kwa vita, maneno makali ameyapanga kama mishale. Hayakuhitajika.

"Chukua tu, wifi yangu," wifi alisema. "Ila chukua na ngome yake."

Desimali aliitazama ngome hiyo. Matofali yake yalitengenezwa kwa kuyeyusha risasi ya mabomba ya jengo kuukuu lililobomolewa. Yalikuwa yamepinda, yamefifia, na kila moja lilikuwa na alama ya chaki. Yake yeye yalikuwa mapya, yaking'aa hata mtu angeweza kujipaka wanja kwa kujitazama humo.

"Hayo mapande baki nayo. Kwangu hakuingii takataka."

"Wifi, nakwambia kwa nia njema."

"Nia yako naijua. Unataka nibebe mizigo hadi kiuno kikatike, ukapime peke yako."

Wifi alimkabidhi kigunduzi. Ukimshauri mwenye wivu, huona unamtega.

Siku ya matokeo wote walikusanyika mbele ya skrini. Kwa Desimali, kelele zilikuwa zilezile, kana kwamba hakubadilisha hata skrubu. Kwa wifi, kile kigunduzi kilichoitwa mabaki kilikuwa kimetulia kama mtoto aliyenyonya akashiba. Juma la mwisho likaenda kwa wifi.

Desimali alimfuata chumbani kwake. "Umekifanya nini kigunduzi changu?"

Wifi alikwenda kuleta tofali moja linalong'aa kutoka kwenye ngome ya Desimali, akaliweka jirani na kigunduzi. Mistari ya skrini ikaanza kupanda. Akaliondoa, akaweka kuukuu. Mistari ikalala.

"Risasi mpya ina mnururisho ndani yake, wifi, yaani hutoa miale yake yenyewe, na miale hiyo hupungua kadiri risasi inavyozeeka. Umejenga ukuta wa kuzuia kelele kwa matofali yanayopiga kelele."

"Na hizo chaki?"

"Kila tofali nililipima peke yake kabla ya kulijenga. Kuwa kuukuu tu hakutoshi." Alifungua kabati. Ndani kulikuwa na rundo la matofali yaliyokataliwa, kubwa kuliko ngome yenyewe. "Mlipokuwa mnakwenda kunywa chai, mkisema nimejificha kazini nisirudi nyumbani kwa mama mkwe, nilikuwa hapa."

Desimali aliukumbuka utani huo. Ulikuwa wake, na ulichekesha sana. Wivu haukumtoka hapo hapo, maana wivu hutoka kama wino kidoleni. Ila ulihama. Hakukionea tena wivu kigunduzi. Alizionea wivu zile saa za chai.

Juma zima la mwisho, mashine ikiunguruma kwa ajili ya mwenziwe, Desimali alikaa chumbani kwake na tofali moja kuukuu mbele ya kigunduzi, chaki mkononi. Simu ikalia. Alikuwa mama.

"Mwanangu, leo unasikia nini?"

"Tofali, mama."

Akavuta pumzi ndefu, na hata oksijeni iliyokuwamo ndani yake ilipikwa taratibu tumboni mwa nyota kabla ya kufika puani pake. Ama kweli, ukiona vyaelea, vimeundwa.