Waliomhurumia Lusajo

Hapo zamani, ila si zamani sana, maana gari la shule lenyewe bado linapanda vilima vya Tukuyu, aliishi mama mmoja jina lake Tupokigwe. Mwanawe Lusajo alikuwa mwepesi wa akili, lakini mgongo wake haukuweza kujishikilia. Ukimkalisha bila kumfunga, anaanguka.

Tupokigwe akamtafuta fundi wa viti vya magari, akamsimamia mpaka kiti cha mwanawe kikaisha: mkanda wa kifuani, mkanda wa kiunoni, na bolti nne za kukikaza kwenye sakafu ya gari la shule. Akawaonyesha bibi wa mtoto, matroni na dereva namna ya kufunga. Akarudia. Wakasema wameelewa.

Asubuhi moja, yeye akiwa zamu kwenye kiwanda cha chai, bodaboda iliyobeba mikungu ya ndizi ikachomoza kwenye kona. Dereva akakanyaga breki. Lusajo akaruka kutoka kitini, na kiti chenyewe kikang'oka, kikamfuata, kikamvunja mkono.

Mwalimu mkuu akamwita mama pamoja na hao watatu. Akasema mama amtaje mwenye kosa, na atakayetajwa ataondolewa kwenye safari za mtoto huyo moja kwa moja. Asipotajwa mtu, Lusajo asipande tena gari la shule, abaki nyumbani.

Bibi Subilaga, mkwewe Tupokigwe, ndiye aliyempakia mtoto kila asubuhi. Alikiri kwamba mkanda wa kifuani hakuufunga, kwa kuwa mtoto alikuwa ameshiba uji.

"Mjukuu wangu hafungwi kama mbuzi wa mnadani," alisema. "Na wa kiunoni si niliufunga?"

Wa kiunoni aliufungua Anyelwisye, matroni wa gari, walipokaribia shule, ili Lusajo asiwacheleweshe wenzake kushuka. Alidhani kifuani kumefungwa. Tena kiti kilipong'oka, yeye ndiye aliyejirusha akakikinga kichwa cha mtoto. Bega lake lilikuwa bado limevimba.

Dereva Mwaisumo akakohoa. Jumamosi alikitoa kiti ili abebe magodoro ya bweni. Alipokirudisha akakaza bolti mbili tu, kwa sababu spana ilikuwa imeazimwa.

"Lakini Mama Lusajo, nisingekanyaga breki vile, leo tungekuwa msibani."

"Spana imerudi?" Tupokigwe akauliza.

"Bado."

Tupokigwe akawatazama mmoja mmoja. Akimtaja bibi, nani atampakia mtoto asubuhi, yeye akiwa kiwandani? Akimtaja matroni, nani atakaa nyuma na watoto? Akimtaja Mwaisumo, atatoka wapi dereva mwingine? Waliomtangulia walikataa kabisa kubeba mtoto wa mikanda.

"Mwanangu ana watu watatu wa kumhurumia," alisema. "Mimi nilikuwa natafuta mmoja wa kumfunga."

Bibi akaanza kulia. Matroni akashika bega lake. Mwaisumo akasema spana ataifuata leo leo.

Lusajo, mkono ukiwa umefungwa hogo la plasta, alikuwa ameegemezwa kwenye paja la mama yake. Akamvuta kanga.

"Mama, wewe taja tu. Kesho tuna hesabu."

Mwalimu mkuu akageuza kiti chake akamkabili Tupokigwe, akangoja.

Haya, ninyi mnaotikisa vichwa, semeni. Na msiniambie wote watatu, maana hapo gari halina dereva, na mtoto hana wa kumpakia. Anatakiwa mmoja. Je, nani alistahili kutajwa?