Siku Arvan Aliponyimwa Asali

Kesi ninayo, hakimu sina. Sogeeni, wakubwa kwa wadogo, na mwenye simu aifunike kifudifudi, kwa sababu mwishoni nitawauliza swali na sitaki mtu aniombe nirudie.

Kinondoni, juu ya duka la vifaa vya ujenzi, palikuwa na studio ya kuingiza sauti. Tamthilia zilitoka nchi za mbali, zenye watu wazuri na nyumba za ngazi ndefu, na pale juu zikavalishwa Kiswahili kabla ya kwenda kwenye televisheni. Kazi hiyo ilifanywa na watu watatu, kila mmoja na kipaji chake.

Wa kwanza aliitwa Mhando, mfasiri. Zamani alifundisha sekondari, na kipaji chake kilikuwa maneno. Mpe mdomo wowote unaofunguka na kufumba, atakutafutia Kiswahili kinachoingia humo kama mguu kwenye kiatu chake. Tena hakuishia hapo, alikuwa na mazoea ya kutia asali. Mtu kwenye picha akisema "Njoo," Mhando aliandika "Njoo, pumzi yangu." Hakuna aliyemwagiza. Watazamaji walipenda, basi.

Wa pili aliitwa Gasto, fundi wa sauti, na kipaji chake kilikuwa masikio. Picha zilikuja na sauti zimetenganishwa: maneno peke yake, muziki peke yake, milango na viatu na vikombe peke yake. Maneno ya kwao yalitupwa, ya kwetu yakawekwa, kisha Gasto akavipika vyote katika chungu kimoja. Akisikia fidla imepishana na pumzi ya mtu kidogo tu, hali chakula mpaka airekebishe.

Wa tatu aliitwa Tunu, na kipaji chake kilikuwa sauti. Aliweza kulia bila chozi na kucheka bila furaha, na kwa miezi minane alikuwa sauti ya Selda, mpenzi wa Arvan.

Arvan mnamjua hata kama hamjamwona. Kila tamthilia inaye. Kidevu cha kuchongwa, koti refu, maneno machache. Anamfuata Selda kazini, anamvunjia simu, anamfungia chumbani. Akishamfungia, anasimama nje chini ya dirisha, mvua inamnyeshea, fidla inaanza, na sisi huku tumekumbatia mito: jamani, anavyompenda! Nauliza tu: mbona tunamwonea huruma aliyelowa, na ufunguo anao yeye mfukoni?

Tunu hakuuliza tena maswali kama hayo. Aliwahi kuuliza. Mwezi wa kwanza alikuwa akirudi nyumbani na hasira, akimsimulia mama yake hadi chai ipoe. Mwezi wa tatu alisimulia kidogo. Kufikia mwezi wa nane alikuwa amesema "Nimekusamehe" mara arobaini na moja, na ndani yake palikuwa pamekufa ganzi, ganzi ile ya mguu uliokaliwa: unauona upo, ukiugusa si wako.

Ingekuwa kazi tu, ingepita. Lakini Tunu alikuwa na mdogo wake.

Mwajabu alikuwa fundi cherehani, na kibanda chake kilikuwa Magomeni. Mchumba wake, Idrisa, alikuwa kijana mtanashati, mkimya, wa kusalimia wazee kwa kuinama. Mahari ilikuwa imeshapokelewa na ndoa ilikuwa Ijumaa ya pili kutoka hapo. Jambo moja tu: Idrisa hakutaka Mwajabu apime wanaume. Siku alipomkuta anampima mteja shingo, alimvuta nje kwa mkono, vidole vinne vikabaki vimechorwa juu ya kiwiko. Jioni akaleta kuku wa kuchoma na maua. Mwajabu aliyatia maua kwenye ndoo, akacheka.

"Wivu wake huyu, utasema Arvan."

"Arvan ni mshenzi," Tunu alisema.

"Dada nawe! Si wewe kila siku unamsamehe?"

Tunu alikwenda jikoni akasimama mbele ya sufuria mpaka wali ukaungua. Mama ndiye aliyesikia harufu, tena kutoka uani.

Basi ikaja sehemu ya sitini na nne. Selda ametoka kwenda kumwona mama yake bila kuaga. Arvan anamkuta kwenye ngazi, anamburuta juu, anampiga kofi, anamfungia. Baadaye anafungua mlango. Selda anamsamehe. Mnaona hakuna jipya.

Mhando aliketi na karatasi zake. Ndani ya picha Arvan alisema maneno makavu: "Kaa hapo. Nilishakwambia." Siku zote Mhando angeandika, "Kaa nami, nuru yangu, nikikukosa nitakufa." Midomo ingelingana kabisa, alishapima. Lakini asubuhi ile mkewe alikuwa amemmiminia chai akasema, "Baba Neema, hayo maneno unayompa yule mwanamume, mimi mbona hujawahi kunipa hata moja?" Mhando alitazama kalamu. Miaka ishirini na sita ya ndoa, na maneno yake mazuri yote alikuwa amemvisha mpiga wanawake. Akaandika yalivyo: Kaa hapo. Nilishakwambia.

Tunu aliingia kwenye kibanda cha kurekodia, akavaa hedifoni. Siku zote kwenye "Nimekusamehe" sauti yake ilipasuka katikati, hapo hapo watazamaji wanapotoa leso. Siku ile aliitafuta sauti ya kupasuka, haikuwepo. Hakugoma, hakupanga. Alisoma kama anayesoma tangazo la kukatika maji: nimekusamehe. Akangoja Gasto amwambie arudie. Gasto hakumwambia.

Gasto alikuwa amekaa kwenye mitambo yake akasikiliza mara mbili. Siku zote fidla ilipanda pale pale mlango unapofunguka. Aliipandisha. Sauti ya Tunu kavu, fidla inagaragara peke yake, kama mlevi aliyeingia msibani akalia kuliko wafiwa. Akaizima. Akabakiza vilivyokuwa chini yake: viatu kwenye ngazi, kofi, ufunguo kugeuka. Akasikiliza tena, akaona ndiyo, sasa imenyooka, akaenda kula.

Hakuna aliyemwambia mwenzake neno, na wote watatu wakaenda makwao.

Jumamosi mchana kulikuwa na marudio, na sebuleni kwa kina Tunu walikaa wanne. Mama alichambua mchele kwenye ungo. Tunu alikaa mkekani. Mwajabu na Idrisa walikaa kwenye kochi, huyu mwisho huu na yule mwisho ule, kwa adabu ya wachumba.

Viatu vikapanda ngazi. Kofi likalia. Mkono wa mama ukasimama juu ya ungo.

"Kaa hapo," Arvan alisema. "Nilishakwambia."

Ufunguo ukageuka. Kisha ukageuka tena, na Selda akasema amesamehe, kwa sauti ambayo nyumba ile iliijua vizuri kuliko sauti ya mwadhini.

"Leo wamemharibu Arvan," Idrisa alisema, akacheka kidogo. "Hata hanogi."

Mwajabu hakucheka. "Dada, ndivyo anavyosema kweli huyu mtu?"

"Ndivyo."

"Tangu lini?"

"Tangu sehemu ya kwanza."

"Na wewe, mbona umemsamehe hivyo?"

"Ndivyo nilivyo, mdogo wangu. Nimeishiwa."

"Hii ni tamthilia tu, jamani," Idrisa alisema. "Na mwanamke si amesamehe mwenyewe? Kwisha habari."

Mwajabu alimgeukia. Hakuwa amekasirika. Alikuwa na uso ule anaouweka mbele ya kitambaa kabla ya kukikata.

"Idrisa, Jumatatu anakuja mzee mmoja kupimwa kanzu. Nitampima."

"Mwajabu, usianze."

"Nitampima, nakwambia mapema."

"Acha hiyo habari. Nilishakwambia."

Mwajabu aliendelea kumtazama, kichwa ameinamisha upande, kama mtu anayengojea muziki. Muziki haukuja. Kwenye televisheni walikuwa wameshaingia matangazo ya sabuni.

"Nenda nyumbani, Idrisa," alisema. "Kwa heri."

Idrisa alimtazama mama, akimtaka aseme neno la kiutu uzima. Mama alikuwa ameshaalika mtaa mzima, na sufuria za kukodi zilishawekewa ahadi. Alipepeta ungo mara moja, akapepeta tena.

"Tunu, mpigie baba yako mdogo," alisema. "Mwambie arudishe vya watu."

Vikarudishwa. Watu walisema yao, na wanaendelea.

Tunu alingoja ajisikie furaha. Alingoja Jumapili, akangoja Jumatatu. Alijua kwamba ni jambo zuri, kama unavyojua kwamba jirani amepata mtoto. Usiku alilala vizuri. Hayo tu.

Jumatano Mwajabu alipanda ngazi za studio na mfuko begani. Akatandaza mezani kitambaa cheupe cha hariri, kizito, kinachoteleza.

"Hiki nilikinunua kwa ajili ya Ijumaa ile," alisema. "Sijakitia mkasi. Nataka kumshonea aliyenifumbua macho, kanzu au gauni, atakalo. Kinatosha mtu mmoja. Sasa semeni, ni nani?"

Mhando alikohoa. "Binti yangu, bila kujisifu. Ningeandika 'nuru yangu', ungesikia 'nuru yangu'. Dada yako angeisoma kavu, ungedhani ana mafua. Kila kitu kilianzia kwenye kalamu."

"Mwalimu, tuwe wakweli," Gasto alisema. "Maneno yako makavu ningeyawekea fidla, yangelowa chapa chapa. Miezi minane watu hawasikii maneno, wanasikia fidla. Aliyeizima ni nani?"

"Uliizima kwa sababu ya Mwajabu?"

"Niliizima kwa sababu ilikuwa mbaya. Na wewe je? Uliandika kwa sababu ya Mwajabu, au ulinuniwa na mama Neema kwenye chai, kama ulivyonisimulia juzi?"

Mhando alicheka, kisha akaacha kucheka.

"Na wewe, dada?" Mwajabu aliuliza.

Tunu alikuwa ameegemea mlango. "Mimi nilichoka tu. Sikukukusudia wewe wala mtu."

"Hata kidogo?"

"Siku ile sikuwaza kitu, Mwajabu. Nisikudanganye."

"Basi amejitoa," Gasto alisema, "tumebaki wawili."

"Ngoja kwanza," Mwajabu alisema. "Sauti ile angekuwa nayo mtu mwingine, ningesema kazi mbovu, nikabadilisha chaneli. Niliijua kwa sababu ni ya dada yangu. Nimeisikia ikinifunga viatu, nimeisikia ikigombana na mama. Sijawahi kuisikia imekufa. Hicho ndicho kilichonishtua, mengine yalifuata."

"Kwa hiyo unamtuza kwa kuchoka?" Mhando aliuliza. "Mimi nilichagua. Yeye hakuchagua. Tukianza kuwavisha hariri watu kwa yale yaliyowaponyoka, tutamvisha kila mtu."

"Na wewe ulichagua kwa ajili ya chai!" Gasto alisema.

Simu ya Mwajabu ikaita. Alikuwa mama, na sauti yake ilijaza chumba bila kuwekwa spika. "Umeshampa mtu hicho kitambaa? Wote hao walikaa huko huko kwao. Kwani kinywa kilichosema 'kwa heri' kilikuwa cha nani? Jishonee mwenyewe, mjinga wewe!"

Hata hapo mambo hayakuisha. Meneja wa studio alitoa kichwa mlangoni na karatasi mkononi. Watazamaji walikuwa wametuma ujumbe wiki nzima, na wengi, wengi wao wanawake wenzangu na mimi, waliandika kitu kimoja: turudishieni Arvan wetu. Kuanzia sehemu ya sitini na tisa, meneja alisema, asali irudi, fidla irudi, na Tunu alie vizuri kama zamani.

Mhando hakubisha. Alichukua kalamu, akaandika "pumzi yangu" kwa mwandiko wake mzuri wa ubaoni. Gasto hakubisha. Aliifungua fidla. Tunu naye hakubisha. Aliingia kibandani, akavaa hedifoni, taa nyekundu ikawaka, na nyuma ya kioo Mwajabu amesimama na kitambaa chake, futi ya kupimia shingoni, hajui amsogelee nani.

Haya. Mmewasikia wote. Mmoja alinyima asali, lakini kwa wivu wa mkewe, na leo ameirudisha. Mmoja alizima muziki, lakini kwa ajili ya masikio yake, na leo ameuwasha. Mmoja alitoa sauti iliyokufa, lakini hakuitoa, ilimtoka, na hatujui sasa hivi nyuma ya kioo atatoa ipi. Na wa nne ndiye aliyesema "kwa heri", lakini mwenyewe anasema bila wale watatu angeolewa. Msiniambie kikatwe vipande; kila mmoja akipata leso, hakuna aliyevaa. Wala msiniambie wote wanastahili sawa, hilo ni jibu la mtu anayetaka kuwahi kwao.

Fundi amesimama, futi iko shingoni. Je, ungekuwa wewe, ungempima nani?