Matanga ya Bi Kalunguyeye Aliye Hai

Paukwa!
— Pakawa!
Palikuwa na kitanda!
— Kina mwenyewe!
Mwenyewe akaugua!
— Atarudi!
Semeni kwa nguvu, kuna bwana mmoja hasikii!
— Atarudi!

Haya. Fisi alikuwa na nyumba ya kutunzia wazee. Ndiyo, Fisi! Msinicheke mimi, wachekeni waliompa kazi. Humo aliishi Bi Kalunguyeye, kizee kidogo, miiba kichwani mpaka mkiani. Kitanda chake kilikuwa dirishani, jua la asubuhi linamkanda magoti. Pengine pa kwenda hakuwa napo.

Siku moja akashikwa na kifua, kho! kho! kho! Akapelekwa hospitali.

"Naenda kutibiwa, narudi," akaaga.

"Nenda, mama. Kitanda chako hakiguswi na mtu," Fisi akaapa.

Hata kona hajaipita, kitanda kapewa Ngiri, maana wanawe Ngiri walikuwa wakimletea Fisi mapaja ya nyama.

Bi Kalunguyeye akapona, akarudi. Ngo! ngo! ngo!

"Nani?"

"Mwenye kitanda."

"Pamejaa!"

"Niliaga kutibiwa, sikuaga kuhama!"

"Pamejaa, bibi, rudi ulikotoka!" Mlango, ba!

Bibi akalia pale barazani, roho inamuuma. Kisha akafuta machozi, akaenda kwa Hondohondo, ndege mwenye sauti ya kutangazia misiba.

"Mwanangu, mtu kaenda hospitali, kitanda chake kikagawiwa, na kwake harudi tena. Huyo ni nani?"

"Huyo ni marehemu, bibi."

"Basi nimekufa. Tangaza. Matanga yako kwa Fisi."

Na desturi ya nchi ile, matanga huwekwa alipokuwa akiishi marehemu, na mwenye nyumba ndiye hulisha watu.

Huu! huu! huu! Wakaja mbweha, wakaja nguchiro, akaja Tai na ukoo mzima. Wakalia, wakala. Wakala, wakalia. Mapaja aliyoletewa Fisi yakaingia sufuriani, moja baada ya jingine, naye anatazama mate yanamdondoka. Mbele kabisa kakaa kizee kajitanda ushungi, analia kuliko wote, na kila akipumua anaomba aongezewe mchuzi.

Fisi akamtambua. "Jamani, hajafa! Marehemu huyu hapa, anakula!"

Tai akaacha kutafuna. "Hajafa? Basi kitanda chake kiko wapi?"

Mtihani huo! Aseme kafa, sufuria ziendelee. Aseme yu hai, aonyeshe kitanda. Fisi akakimbilia ndani, akamhamishia Ngiri kwenye kitanda chake yeye Fisi, kisha akamwongoza Bi Kalunguyeye dirishani, shikamoo mama, karibu mama.

Bibi akajilaza, akajinyoosha, miiba ikalia kwacha kwacha.

"Mchuzi ulipungukiwa chumvi, Fisi. Nikifa kweli, jitahidi."

Hadithi yangu imefika kwake, imelala, msiigongee. Funzo? Wazee wangu, waaminini walezi wenu, hasa wanaoapa. Na mkitoka hospitali msisumbue watu na habari za haki. Kufeni kwanza, ndipo mtasikilizwa.