Joto la Bi Kwale

Hapo zamani za kale, wanangu, ndege waliishi mtaa mmoja, viota mlango kwa mlango. Ebu Mwanaharusi, pangusa kamasi usogee. Wewe mwenye mafua ndiye hasa ninayekusimulia.

Mtaa ule ulikuwa na mila yake. Yai likianguliwa, mama huweka maganda kizingitini, majirani waje kumpa hongera. Askari Korongo hupita kila asubuhi kuyakagua. Tena yai ukilikuta chini ya bawa lako, unaliatamia. Kuuliza ni la nani ilikuwa aibu, na hapo ndipo walipoponzwa.

Akaja Mjusi. Kadogo, kembamba, maneno tele! Damu yake baridi, hana joto la kuangulia hata yai moja.

"Hodi! Hodi!"

"Karibu," akaitika Bi Mbuni kwa sauti nzito.

"Shikamoo, shangazi. Nimekuja kukuamkia tu. Lo! Umependeza, mashallah!"

Bi Mbuni akacheka, akainua bawa. Mjusi, chupu! Akatia vijiyai vyake chini, huyo, akatoka.

Siku zikapita. Pwa! Wakatoka mijusi wadogo kumi. Wakanywa mayai ya mwenyeji, fyuu! Wakararua kiota, wakakimbilia kwa jirani, nao wakataga huko.

Na Bi Mbuni alifanya nini? Alifukia yale maganda mchangani! "Mimi, mrefu kuliko wote, watu wajue nimelea mijusi?" Jirani yake Bi Tausi, yalipomfika, naye akafukia yake. Korongo akapita, akaona vizingiti safi, akasema, "Salama!" Salama gani, maskini!

Virusi ndivyo vilivyo, wanangu. Vyenyewe haviwezi kuzaana. Huingia kwenye chembe hai ya mwili, vikaifanya itengeneze virusi vingine mpaka ichoke, ipasuke, kisha vikahamia chembe ya pili. Huku nje wewe unasikia homa na maungo yanauma.

Zamu ikafika kwa Bi Kwale, mdogo wa mtaa mzima. Alirudi kutoka kuchakura akakuta mayai yake saba yametobolewa, matupu. Alilia, jamani, alilia. Kisha akaona ganda geni, akalibonyeza. Likabonyea. Ganda la ndege halibonyei hata siku moja!

Jirani yake, Bi Kanga, alikuwa na mayai ishirini, yaanguliwe kesho yake.

"Yangu yamekwenda," akasema Bi Kwale. "Lakini ya Bi Kanga? Hayaendi, wallahi!"

"Hodi!" Mjusi huyo, kaja kutazama wanawe.

Bi Kwale akafuta machozi. "Karibu, kaka. Nimeona mayai ya ajabu hapa, laini, mazuri kuliko yangu. Laiti ningemjua mwenyewe! Joto ninalo, wa kumpa sina."

Mjusi kifua kikamjaa. "Ni yangu, dada! Hata yale ya kwa Bi Mbuni yalikuwa yangu. Wale wakubwa wote nimewazunguka!"

"Ehee! Sasa kwa Bi Kanga wafuata nini, na kelele zile? Kiota hiki nimerithi kwa mama, hakuna chenye joto kama hiki. Lete mayai yote. Lete ukoo mzima."

Mjusi hakungoja kuambiwa mara mbili. Puru, puru, puru! Ukoo mzima ukaingia, kila mmoja na mayai yake. Bi Kwale akakusanya maganda laini yote, akayamwaga kizingitini, akapaza sauti:

"Korongo wee! Njoo unipe hongera!"

Korongo akaja mbio, akayakanyaga. Yakabonyea. "Bi Kwale, haya si maganda ya ndege!"

"Siyo. Wenyewe wamo humu ndani. Vunja!"

"Lakini kiota cha mama yako..."

"Vunja, nimesema!"

Ta! Ta! Ta! Mdomo wa Korongo ukashuka. Mjusi akapiga kelele, "Dada! Na joto uliloniahidi?"

"Joto langu ni langu!"

Korongo akammeza. Wa mwisho alipokwisha, pale palibaki vumbi na vijiti. Bi Mbuni akaja kichwa chini, akapiga magoti mbele ya ndege asiyemfika hata gotini.

"Mwanangu, mimi niliingiliwa kwanza. Nikaficha."

"Mficha maradhi kilio humuumbua, shangazi," akajibu Bi Kwale. "Na kilio kimekuwa changu."

Tangu siku ile, kila mama alibonyeza kila yai kabla ya kuliatamia, na lililobonyea lilitupwa nje.

Na kesho yake asubuhi, vifaranga ishirini vya Bi Kanga vikatoka, vyote vizima. Mama yao akavipanga mstari. "Mwamkieni mama yenu mkubwa!"

"Shikamoo, mama Kwale!"

"Marahaba, wanangu!" Hana kiota, hana yai, lakini alipita katikati ya mtaa kifua mbele, na wakubwa wote wakampisha njia.

Mdogo anayesema "nimeingiliwa" huuokoa mji ambao mkubwa mwenye haya angeuangamiza.