Jini Aliyeshikishwa Mlango wa Paka na Mbwa

Usiniamini. Nakuambia mapema, tena kwa ubaya: ukisikiliza hadi mwisho bila kuniamini hata kidogo, njoo unikate ulimi uukaange, chumvi nitaleta mwenyewe. Wewe uliyesoma mpaka macho yakadai miwani, kaa kitako. Haya hukufundishwa.

Katika mji wa Marijani, ambao kuta zake zilikuwa za matumbawe meupe, na milango yake ilipigwa misumari ya shaba ikang'aa hata kunguru wakaogopa kutua, alitawala Sultani Dhulkifli, na Sultani huyo alikuwa na binti mmoja, Raihana, na Raihana alikuwa na paka mweupe aitwaye Hariri, na tangu mama yake binti alipofariki, usingizi haukumjia ila paka yule alale kifuani pake akinguruma polepole.

Binti huyo akaposwa na Hatimu, kijana mfanyabiashara, mzuri wa sura (hanifikii mimi, lakini mzuri). Na Hatimu alikuwa na pete ya chuma yenye jini ndani yake, na alikuwa na mbwa wa kuwindia aitwaye Radi, ambaye dhoruba ya jangwani ilipomzika bwana wake mchangani, alichimba na kuchimba mpaka kucha zikatoka damu, akamtoa yu hai.

Sultani akasema, "Ewe Hatimu, binti yangu haondoki katika jumba hili, nami nimeridhia uingie. Mbwa abaki nje."

"Maulana, uishi daima. Mbwa aliyenifukua, mimi sitamfukuza. Niliapa kutolala chini ya dari asipolala yeye."

"Na akiilamba mikeka yangu, nani ataiosha kwa maji na udongo?"

"Jini wangu, Maulana."

Sultani akazichezea ndevu zake kitambo, kisha akasema, "Mlete. Lakini tone la damu ya Hariri likianguka sakafuni, damu ya shingo yako italifuata. Nawe Raihana, usije ukanililia."

Hatimu akaisugua pete, na moshi ukatoka ukajaza ukumbi, na ndani ya moshi akasimama Zilizala, jini ambaye mabega yake yaligusa dari na macho yake yalikuwa kama tanuri mbili, na watumishi wote wakaanguka kifudifudi.

"Labeka, bwana wangu! Nihamishe mlima upi?"

"Wapatanishe paka wa Raihana na mbwa wangu."

"Hilo tu?" Jini akacheka hadi vumbi likadondoka darini. Akamnyakua Radi, akampenyeza ukutani kama moshi, akamtua chumbani juu ya zulia la Raihana, pua kwa pua na Hariri. "Kaeni kwa amani!"

Amani gani! Hariri akavimba akawa mkubwa kama mto wa kulalia, Radi akabweka, paka huyo juu ya pazia, mbwa nyuma yake, sahani za Kichina zikapukutika, na Sultani mwenyewe, aliyekuja mbio pamoja na wote, kilemba upande, akaparamia kitanda. Jini akapuliza pumzi moja, wanyama wakaganda hewani kama picha, na watu wakastaajabu. Alipowaachia, wakaendelea palepale walipokuwa wameishia.

Akawatenga kabla damu haijamwagika. "Bwana wangu," akasema, na sauti yake ikawa ndogo, "miili yao naiweza. Nyoyo zao sina ufunguo."

Hapo Raihana akasimama, mikono kiunoni. "Ewe jini, jitu zima! Umempitisha mgeni ukutani mpaka chumbani kwa wenyewe. Kwenu hampigi hodi?"

"Hodi?" Zilizala akakuna pembe. "Mimi huitwa kwa kusuguliwa, bibi. Hodi siijui."

"Basi leo utaijua. Mbwa hana mkono wa kubisha. Hodi yake ni harufu yake."

Akaamuru Radi akae ukumbi wa nje, mlango ufungwe. Kitambaa alicholalia mbwa kikawekwa karibu na chakula cha paka, na kanga aliyolalia paka ikapelekwa kwa mbwa. Kila mmoja akala upande wake wa mlango, mabakuli mbali kwanza, kisha karibu, kisha karibu zaidi. Raihana akaondoa sahani zilizosalia katika vidaka, vile vishubaka vya ukutani, ili Hariri apande amtazame mgeni kutoka juu bila kufuatwa. Hatimu akamshika Radi kwa ukanda, na kila mbwa alipoacha kumkodolea paka macho, akapewa kipande cha nyama.

Na mlango, nani aliushika? Zilizala! Aliyekunywa ziwa akalikausha, ameketi kizingitini kama komeo, akifungua upana wa kidole, na manyoya yakisimama, akifunga.

"Mimi niliangusha ngome za wafalme," akanung'unika.

"Vizuri, baba," akajibu Raihana. "Sasa fungua kidogo. Nimesema kidogo!"

Zikapita siku, hata asubuhi moja mlango ukawa wazi kabisa, na ukanda ukafunguliwa, na Hatimu akapiga magoti, shingo wazi, mwenye upanga nyuma yake. Radi akaingia, akajilaza, kidevu sakafuni. Hariri akashuka, kidaka baada ya kidaka, hata maji ya birika yakaacha kutiririka. Akamnusa mbwa pua. Akamnusa sikio. Kisha paka yule, ambaye tangu kuzaliwa hakuwahi kutamka neno, akafungua kinywa akasema kwa sauti ya binadamu:

"Karibu."

Upanga ukaanguka wenyewe. Sultani akalia mbele za watu, na harusi ikafungwa siku hiyohiyo, na Hatimu akapewa nusu ya hazina, na Raihana akalala usingizi mzito, paka kifuani, mbwa miguuni. Basi ukitaka wawili wakae nyumba moja, usiwasukumize. Mlango ufunguliwe na mwenye subira.

Haya, umeniamini. Usibishe, mdomo uko wazi nzi wanaingia. Ila kuna kipande nilikiruka makusudi, maana ungelia, na mimi leso sina.

Paka aliposema karibu, hakuwa akimtazama Radi. Radi alishaingia, keshasinzia, anakoroma. Hariri alimtazama aliyebaki kizingitini, ameshika mlango kwa kidole, anaogopa kuvuta pumzi. Zilizala akageuka nyuma aone ni nani anayeambiwa. Hakuwepo mtu. Tangu pete ile ifuliwe alikuwa akiitwa, akiamriwa, akirudishwa, kukaribishwa, bado.

Basi jini akavua viatu vyake, kila kimoja kikubwa kama kisima, akavipanga mlangoni, akainama, akaingia.