Kikohozi cha Nyota

Hapo zamani, enyi mliotega masikio, katika mji wa Mwambamoto nyota moja ilipasuka, ikawaka mchana kweupe kama taa iliyosahauliwa. Watu wakatandika majamvi, wakaiwekea matanga. Lakini desturi ya mji ule ilikataza kuanua matanga kabla haijajulikana marehemu aliugua nini. Kadhi akatangaza, “Atakayethibitisha maradhi yake ndiye atakayeipa nyota jina.”

Moyo wa mwanamke mmoja, Mwanakheri, ukaruka. Hakujaaliwa mtoto, na jina la marehemu mama yake, Mwanasiti, lilikuwa litoweke pamoja naye.

Zama zile mbingu zilipigwa picha juu ya vioo. Mwanakheri akavisaka vioo vya kale, akavikuta kwa Bi Zawena, amevijengea banda la kuku. Akaingia, akafuta kinyesi, akavilinganisha kioo kwa kioo, majogoo wakimdonoa visigino. Lo! Katika kimoja nyota imevimba kwa nuru. Katika cha baadaye imenywea, kama kifua cha mwenye kukohoa.

“Alikohoa!” akapiga ukelele. “Marehemu alikohoa kabla ya kufa!”

Alipovifikisha vioo mbele ya Kadhi, Mzee Shekuwe, mpiga picha, akadakia, “Kioo changu hicho! Nililenga hilali, mwezi mwandamo wa Idi, nikaikosa, nikampata marehemu.”

“Kumbe ni wewe uliyetufungisha siku ya ziada!” wakamzomea.

Bi Zawena akasema, “Bila kuku wangu vioo vingetupwa jaani. Jina ni langu.”

“Babu, ulimpiga picha usimwone,” akajibu Mwanakheri. “Nawe shangazi ulimtunza usimjue. Mimi ndiye niliyemtafuta.”

Hapo bibi mmoja mfiwa akainuka jamvini. “Ala! Aliugua, mkanyamaza? Mwenye kuficha maradhi ya marehemu huosha masufuria yote ya matanga!”

“Naam,” akasema Kadhi. “Jina na masufuria haviachani.”

“Wallahi, mimi nilitazama mwezi tu!” akaapa Shekuwe.

“Mimi, bwana, mtu wa kuku,” akanong’ona Bi Zawena.

Mwanakheri akakunja mikono ya gauni, akachota jivu la kusugulia. “Nipeni masufuria.”

“Taratibu, mwanangu,” Kadhi akamzuia. “Wewe ulimjua akiwa maiti; hukuficha kitu. Asiye na hatia haadhibiwi, na asiyeadhibiwa hapewi jina.”

Mwanakheri akasimama na jivu lake kiganjani. Masufuria yakaanza kunuka, na kwa kuwa hayajaoshwa, hakuna aliyethubutu kukunja jamvi.

Basi hukumu naitua mbele yenu. Je, nani alistahili kuipa nyota jina: aliyeinasa bila kuitazama, aliyeitunza bila kuijua, au aliyeijua ilipokwisha kufa?